Mwaka Uliochongwa Mapema

Jiwe linapokatwa kwa mashine huku likimwagiwa maji ili vumbi lisiruke, hutoa harufu ambayo sijaipatia jina. Ni kama udongo uliopata mvua ya kwanza, lakini yenye ubaridi zaidi, na ndani yake mna kitu kinachokaribia harufu ya chuma. Niliinusa mwezi uliopita kwenye karakana ya mafundi wa makaburi, pembeni mwa mji, nilikokwenda kuagiza jiwe la mama yangu. Fundi, mtu wa makamo aliyefunga leso puani, aliniuliza kama mwaka auandike kwa tarakimu. Nikamjibu ndiyo, kwa tarakimu, kisha nikaketi kwenye benchi lake. Msibani sikulia, shughuli za msiba hazikunipa nafasi. Nilikuwa nimechoka tu, uchovu ule tunaoufahamu wengi wetu tuliofika umri huu, ambao mtu huamka nao kama alivyolala nao. Nikiwa pale benchini nililikumbuka jiwe jingine, lililokaa uani kwetu nilipokuwa mtoto, na mwaka uliokuwa juu yake.

Baba alikuwa katekista wa kigango chetu, juu kwenye milima ya Umatengo, mahali ambapo asubuhi ukungu hujaa mabondeni, na mashamba ya ngolo, yale ya mashimo yaliyopangwa kama sega la nyuki, hupanda mteremko hadi mgeni akashangaa aliyeyalima alisimama wapi. Ujanani alikaa seminari miaka kadhaa. Babu alipofariki ilimbidi atoke, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mkubwa na wadogo zake walihitaji mtu wa kuwalimia. Alirudi nyumbani na Kilatini kichwani, akakuta hakuna wa kukisema naye. Misa ilikuwa imekwisha kuwa ya Kiswahili, mapadri wapya walikijua kwa shida, na wazee waliokumbuka nyimbo za zamani waliziimba bila kujua maana yake. Baba alibaki akiwakemea mbuzi kwa Kilatini. Mbuzi wetu walikuwa wakorofi, hivyo lugha ile haikufa kabisa pale nyumbani.

Kanisa la zamani la kigango lilikuwa la udongo na nyasi, na lilianguka upande mmoja kabla sijazaliwa. Jipya lilijengwa kwa matofali ya kuchoma, kidogo kidogo, kila Alhamisi, siku ambayo hakuna aliyekwenda shambani kwake. Nilipoanza kupata akili kuta zilikuwa zimefika juu. Lilibaki paa, nalo lilikusudiwa kuwa la vigae tunavyofyatua na kuchoma wenyewe, kama vya makanisa makubwa ya misheni. Askofu alikuwa ameahidi kuja kulibariki kabla ya Noeli. Hapo ndipo baba alipoliomba baraza la kigango ruhusa ya kuweka jiwe la ukumbusho, na hapo ndipo shida yetu ilipoanzia.

Wazee walikutana barazani kwetu. Mimi nilikuwa nikichambua maharage na mama, kwa hiyo nilisikia yote. Mwenyekiti, Mzee Ndunguru, hakuona ugumu wowote.

"Katekista, andika tu namba. Namba nne, kila mtu anazijua, tumalize tukalime."

"Namba ni za magunia, Mzee," baba alisema.

"Basi zile za saa ya ukutani. Zile fimbo fimbo."

"Hizo nazo ni za saa." Baba akasimama, jambo alilolifanya kanisani tu. "Kilatini hakiuhesabu mwaka, kinauita kwa nafasi yake. Anno Domini millesimo nongentesimo nonagesimo quarto. Mwaka wa Bwana ulio wa elfu moja, na wa mia tisa, na wa tisini, na wa nne. Imepita yote iliyoutangulia, sasa ni zamu yake huu. Ukishauita hivyo huwezi kuuchanganya na mwingine."

Wazee walitazamana. Yale maneno yalikuwa marefu na yalisikika vizuri.

"Na lisipokwisha?" Mzee Ndunguru akauliza.

"Nini?"

"Kanisa. Likiwa halijakwisha mwaka huo ukapita?"

Baba alicheka. "Litakwisha. Tukishaandika, tutaona aibu kutolimaliza."

Nimewahi kuyafikiria maneno hayo nikiwa mtu mzima, katika ofisi ambamo mipango huandikwa na kuwekewa miaka kwa imani ileile. Sidhani baba alikuwa na kiburi kama watu walivyokuja kusema. Alikuwa na kitu kimoja tu alichokipata kwa miaka yake ya seminari, na kwa mara ya kwanza mtu alikihitaji.

Jiwe lilitoka ufukweni mwa ziwa, kwao mama, upande wa Mbaha, kwa sababu mawe ya kwetu juu hupasuka ovyo na ya kule ziwani ni bapa na magumu. Mama alikuwa Mnyasa. Aliolewa akaletwa mlimani kwenye baridi, na hadi mwisho wa maisha yake alivaa sweta hata adhuhuri. Tulishuka sote watatu kwa lori lililokuwa likifuata usipa, wale dagaa wa ziwani, na kila kona tuliyoshuka mama alizidi kuchangamka, akavua kwanza kilemba, kisha sweta, hadi ziwa lilipotokea chini yetu, pana na la buluu isiyo na mwisho, naye akasema, "Sasa napumua."

Aliyechonga alikuwa Mjomba Stefano, ndugu wa mama kwa ukoo, fundi mwashi, mtu mnene mwenye kucheka kabla hajamaliza sentensi. Alilaza jiwe uani kwa bibi, akachora mistari kwa mkaa, akaanza kugonga huku bibi akimwagia maji kwa kata. Harufu niliyoisema ndiyo ile.

"Shemeji," alimwambia baba siku ya pili, mgongo ukimuuma, "mwaka wako huu ni mrefu kuliko mwaka wenyewe. Nikifika mwisho wa neno hili mtakuwa mmeshavuna mahindi."

"Endelea tu, Shemeji. Maneno mazuri yana kazi."

"Na mimi Mwanglikana! Nikikosea herufi moja mtasema nimefanya kusudi, niwaharibie kanisa."

"Hatutasema hivyo," baba akamjibu. "Tutasema Waanglikana hamjui kusoma."

Mama alicheka hadi akashika ukuta. Alikuwa amezaliwa Mwanglikana, akawa Mkatoliki kwa ndoa, kwa hiyo utani ule ulimgusa pande zote. Nakumbuka kicheko chake cha siku ile kwa sababu baadaye nilikaa muda mrefu bila kukisikia.

Baba alinikalisha karibu na jiwe na kunifundisha kuyasoma yale maneno, kidole kikipita ndani ya kila herufi. Akanieleza tena habari ya nafasi na zamu. Mimi nilikuwa na uelewa wangu wa zamu. Kwetu, mtu akienda mashine ya kusaga hupanga debe lake kwenye mstari, kisha huenda zake kuchuma mboga au kupiga soga. Debe humshikia nafasi. Hata akichelewa, hakuna anayeweza kumruka, maana debe lipo. Basi nikaelewa kwamba jiwe lilikuwa debe la mwaka. Miaka ilikuwa imejipanga, huu ulikuwa umefika mbele, na kwa kuwa nafasi yake imechongwa kwenye jiwe gumu la ziwani, mwaka unaofuata usingeweza kuuruka hadi kazi yake ikamilike. Niliyaamini hayo kwa moyo wote, na yalinipa utulivu ambao wakubwa hawakuwa nao.

Tulirudi na jiwe juu ya lori, limefunikwa maturubai. Wanaume walilishusha uani kwetu lisubiri siku yake, likaegeshwa ukutani, chini ya dirisha la jikoni.

Mwaka ule ndio magari ya wanunuzi binafsi yalipoanza kupanda hadi kwetu. Kabla ya hapo kahawa ilipokelewa na chama cha ushirika kwa siku zilizopangwa, na siku zilizobaki mtu alikuwa na nafasi ya mambo mengine. Sasa pikapu zilikuja siku yoyote, saa yoyote, wakisimama njiani watu ambao zamani kidogo wangeitwa walanguzi na kukimbizwa, wakapiga honi, wakanunua. Redio zilisema soko huria. Watoto wenzangu walivaa jezi za mitumba zenye majina ya miji tusiyoijua, na kila nyumba ikawa na biskuti. Sitaki kuwalaumu watu. Wazazi wetu walikuwa wamekaa miaka mingi bila sabuni. Lakini aliyekuwa na kahawa mbivu hakuthubutu kuondoka nyumbani, gari lisije likapita. Mashine za mkono za kumenya kahawa zililia kutwa nzima kutoka mlima hadi mlima, na Alhamisi ya kigango ikaliwa polepole, kwanza na wanaume, kisha na wanawake.

"Mama Felista, leo tena?" baba alimwuliza jirani yetu njiani, alipomwona anaelekea shambani kwake na kapu.

"Katekista, usinitazame hivyo. Mungu ataningoja, ananijua. Yule mwenye gari hanijui."

"Vigae havijafika nusu."

"Nani alikwambia uandike mwaka? Ungeandika 'siku moja', tungekuwa na raha." Akacheka, akaenda zake.

Neno hilo likasambaa. Watu wakaanza kulitania lile jiwe. Wakipita uani waliliamkia, "Shikamoo, Mzee Millesimo," na watoto wakaiga. Baba alicheka nao mwanzoni. Baadaye aliligeuza jiwe, uso ukaangalia ukuta.

Alhamisi zikabaki na watu wachache: baba, aliyekunja suruali na kuukanyaga udongo peke yake kama ng'ombe wa kupura, wazee wawili watatu wa kufyatua, na wanawake wa kuchota maji. Wa kuchota maji kwa kweli alikuwa mama. Kijito kilikuwa chini bondeni, na udongo wa vigae hunywa maji kuliko watu. Wiki moja mwenzake alikuja, wiki nyingine hakuja. Mama alikuja kila mara. Alikuwa mke wa katekista.

Nilikuwa nikimfuata na ndoo yangu ndogo. Njiani alianza kusimama mahali ambapo zamani hakusimama, mkono kiunoni, akitazama mbele bila kuangalia kitu.

"Mama, umechoka?"

"Ndoo ndiyo imechoka. Iache ipumzike."

Nikaitua yangu nayo ipumzike, tukasimama.

Jioni moja nilimsikia akimwambia baba kwa sauti ya chini, "Tungeacha mpaka kiangazi kijacho."

"Askofu amepangiwa, mama Sesi," baba alisema, akimwita kwa jina langu. "Na mwaka umeshaandikwa."

"Umeandikwa na nani?"

Baba alipunguza utambi wa taa. Hakuwa mkali. Alikuwa na macho mekundu ya mtu anayelala kidogo, na magamba ya udongo mkavu yalikuwa bado yameng'ang'ania miguuni mwake. Nadhani alimwona mama vizuri, lakini jiwe alilijua zaidi. Vigae vikichomwa kabla ya mvua, paa lingepanda. Mvua ikivikuta vibichi, kazi yote ingerudi kuwa matope. Ndivyo alivyokuwa akipiga hesabu, na kila aliyekuwa pale nyumbani alijua.

Siku ambayo mama hakurudi kutoka kijitoni, nilikuwa nimemtangulia. Nilifika kwenye shimo la udongo, nikamwaga maji yangu kidogo, nikangoja. Mama Felista ndiye aliyemkuta, akiwa anapita na kapu lake la kahawa. Akaliacha kapu njiani, kahawa mbivu imetapakaa, na nilishangaa kwamba hakuna aliyeinama kuiokota. Wanawake walitokea kila upande, hata wale ambao tulikuwa hatujawaona Alhamisi nyingi. Mlango wa nyumba yetu ukafungwa. Mimi nilipelekwa kwa Mama Felista, nikapewa wali, ingawa haikuwa sikukuu, na nyama juu yake. Nilikula kwa furaha sana.

Kwetu, mtoto aliyetoka kabla ya wakati huzikwa na wanawake peke yao, karibu na nyumba, penye migomba. Hapawekwi msalaba, hapaliliwi kwa sauti, na wanaume hawafiki. Watoto hawaambiwi. Niliambiwa kwamba mama amechoka, na kwamba anashuka kwa bibi kupumzika. Kesho yake nilimwona akipandishwa kwenye lori la usipa, amezungushiwa blanketi, ingawa kulikuwa na jua, na baba amesimama ameshika ubao wa lori hata lilipokwisha kuwashwa, hadi dereva akamwambia, "Katekista, achia, tutakuburuza."

Mimi nikafanya hesabu zangu. Mama ameshuka ziwani. Ziwani ndiko yatokako mawe. Baba amekuwa akisema kazi haitakwisha. Basi mama amefuata jiwe jingine, la mwaka mwingine, ili tuongezewe nafasi. Niliona ni jambo la busara, nikajivunia kimoyomoyo kwamba nimelijua bila kuambiwa.

Mvua zilianza mama akiwa hayupo. Zilianza alasiri, kwa ghafla, kama zinavyoanza kule juu. Baba alitoka mbio na maturubai, yaleyale yaliyofunika jiwe, akavuta huku na huku, lakini uwanja wa kukaushia ulikuwa mrefu na yeye alikuwa mmoja. Aliporudi alisimama chini ya paa la jikoni akitiririka maji, akatazama vigae vyake vikilainika, vikiinama na kulaliana, hadi safu nzima ikawa tuta la udongo. Hakusema lolote kwa lugha yoyote. Nilitaka kumwambia asihuzunike, mwaka bado una debe lake kwenye mstari, hautaondoka. Sikujua ningeanzia wapi, nikaenda kumshika mkono tu.

Mama alirudi siku chache kabla ya Noeli. Alishuka kwenye lori na kapu la usipa wakavu, amekonda, na macho yamekuwa makubwa. Nilimkimbilia, nikamwamkia, kisha nikazunguka nyuma ya lori kuangalia. Palikuwa na magunia tu.

"Mama, jiwe liko wapi?"

"Jiwe lipi?"

"La mwaka mwingine. Ulilolifuata."

Alinitazama. Halafu akaketi palepale, kando ya njia, juu ya kapu lake la usipa, na kapu likabonyea. Hakulia mbele yangu. Alinivuta akaniweka kati ya magoti yake, akanikumbatia, akasema, "Hakuna jiwe, mwanangu. Nimerudi mikono mitupu." Nilimwambia si neno, la kwanza bado lipo. Akasema, "Ndiyo. Bado lipo."

Asubuhi ya mwaka mpya watu walipita wakiimba na kugonga masufuria, wakitoa heri nyumba hadi nyumba. Kwetu waligonga, mama akawapa ndizi, wakaenda. Nilikuwa nimeamka na mashaka, maana wote walikuwa wakitaja mwaka ambao kwa hesabu yangu haukupaswa kuingia. Nilitoka uani kulihakiki jiwe. Nikamkuta baba amelilaza chali, amepiga magoti, nyundo mkono mmoja na patasi mkono mwingine. Nilipofika alipiga pigo la kwanza, mwisho kabisa wa maneno, na kipande kidogo cheupe kikaruka.

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Unafanya nini?"

"Nautoa huu wa mwisho. Nitamwomba Stefano aje auandike ulioingia." Baba hakuinua kichwa. "Umepita, mama Sesi. Nimeandika uongo juu ya jiwe. Watu wananicheka na wana haki."

"Usiutoe."

"Askofu anasoma Kilatini. Nitamwambia nini?"

"Sijui utamwambia nini. Usiutoe." Sauti yake haikupanda. "Katika mwaka huo nina mtu wangu."

Nyundo ilibaki palepale ilipokuwa.

"Ninyi mtu wenu akifa mnamwekea msalaba," mama aliendelea. "Mnamsomea misa, mnamtaja jina. Mimi nina mgomba. Na mgomba ukizaa utaukata wewe mwenyewe, kwa panga, kwa sababu ndivyo migomba inavyofanywa. Halafu nitabaki na nini? Ulisema ukiuita hivyo hauchanganywi na mwingine. Mbele ya wazee ulisema. Mimi nilikuwa nachambua maharage, nilisikia."

Baba aliweka patasi chini. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwa nimewahi kumwona mwanamume wa kwetu akilifanya mchana, uani, mahali pa kuonekana na kila apitaye. Alikishika kitenge cha mama kwa chini, penye pindo, kwa ngumi, kama mtoto anayeogopa kuachwa sokoni, akaweka paji la uso hapo. Mama alisimama na mwiko wake. Sufuria likaungua jikoni, tukasikia harufu, na hakuna aliyekwenda. Ni hapo nilipoelewa, kwa namna ambayo mtoto huelewa, bila maneno na bila mpangilio: kwamba kulikuwa na mtu, na kwamba hakuna debe linalouzuia mwaka.

Tangu siku ile baba hakuutaja tena mwaka kanisani. Kiangazi kilipofika Alhamisi zilianza upya, na aliyekwenda kijitoni alikuwa yeye. Alibeba ndoo mbili kwa mti begani, akipanda ule mteremko mbele ya watu wote. "Katekista siku hizi ndiye mama Sesi," wanaume walisema, wameketi na kahawa yao wakingoja gari. Alijibu, "Ndiyo, na ndoo zimechoka," akapita. Sijui maneno yale aliyapata wapi. Labda mama alikuwa amemwambia naye. Mama Felista alirudi, na wengine wakarudi, si kwa wingi wa zamani, lakini walitosha. Vigae vilichomwa. Paa lilipanda, jekundu, limepinda kidogo upande wa mashariki, na bado limepinda.

Wiki moja kabla ya sherehe ya kubariki, iliyokuwa imeahirishwa tangu Noeli ile, padri alikuja kukagua. Hakuwa mtu wa kwetu, alitoka mkoa wa mbali, na alikuwa na haraka ya watu wenye pikipiki. Alisimama mbele ya jiwe, lililokwisha kujengewa ukutani kando ya mlango, akalisoma kwa taabu.

"Tumsifu Yesu Kristo, Katekista."

"Milele, amina."

"Hili jiwe ni la mwaka jana."

"Ndiyo, Padri."

"Na askofu anasoma Kilatini."

"Najua. Hata mimi nasoma."

Padri alimtazama, akangoja maelezo. "Sasa?"

"Sasa limeshajengewa, Padri. Karibu uji."

Siku yenyewe kulikuwa na watu kutoka vigango vyote, na ngoma, na mashada ya majani mlangoni. Askofu alikuwa mzee. Alilipitishia jicho lile jiwe neno kwa neno, midomo ikitembea, na alipofika mwisho akasimama. Aligusa kile kishimo cheupe alichokiacha baba kwa pigo lake moja, kilichofanana na nukta. Akamgeukia baba. Baba alikuwa akitazama upande wa wanawake. Askofu naye akatazama huko, kwenye khanga na vitenge vingi mno kuweza kumjua mtu, kisha akalinyunyizia jiwe maji ya baraka, yote, hadi herufi zikajaa, na akaingia ndani.

Baada ya misa watu walienda kula kwenye vibanda vya majani. Mama alikuwa mpishi mkuu, na nilikuwa nikimtafuta anipe kipande cha nyama kabla ya wenzangu. Nilimkuta mlangoni pa kanisa, peke yake, amejitwika sufuria tupu. Hakujua kusoma zaidi ya Kiswahili cha kitabu cha sala.

"Sesi, njoo. Nioneshe."

"Nini, mama?"

"Ule wa mwisho. Wenyewe."

Nilishika kidole chake, kama baba alivyoshika changu kule ufukweni, nikakiweka ndani ya herufi ya kwanza ya quarto. Kilikuwa kimepasuka, na kilinuka vitunguu. Alikipitisha polepole hadi mwisho, kisha akarudi mwanzo. Chokaa ya mafundi ilikuwa imebaki kwenye pembe za herufi, naye akaanza kuikwangua kwa ukucha, moja baada ya nyingine, akipuliza vumbi, na mkono wa pili umeshika sufuria kichwani.

"Ndiyo huu?"

"Ndiyo huu."

"Mama Sesi!" Mtu alimwita kutoka vibandani. "Wali unaisha huku!"

"Nakuja," mama alisema. Akakwangua herufi iliyobaki, akaipuliza, akaenda.